Maoni ya Wadau

9 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba mgongo umekuachia kidogo. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Cherehani yake imepata mkanda mpya, kwa hiyo chumba chetu ni kelele tangu asubuhi, na ukitaka kuzungumza naye lazima usubiri afike mwisho wa pindo. Macho yake ni yale yale. Barua zako bado namsomea mimi, naye anasikiliza kimya kama mtu anayepimwa joto.

Sasa habari yenyewe. Nimepata, Mjomba. Wameniita Wizara ya Elimu, Idara ya Sera, mafunzo kazini ya miezi tisa. Si ajira. Wanatupa posho ya nauli na chakula cha mchana, basi. Lakini wanasema anayefanya vizuri hupewa mkataba, na ndivyo watu wengi pale walivyoanza.

Nimeripoti Jumatatu. Ofisi iko ghorofa ya tatu na lifti ilishakufa. Kiti hawana, kwa hiyo nakaa juu ya katoni za karatasi za kuchapia, na kila mtu akihitaji karatasi nasimama. Anayenisimamia ni afisa mwandamizi mmoja, mpole, suruali imempwaya, tunamwita Bwana Aya. Ukimpelekea ukurasa, hasemi ni mzuri wala mbaya. Anauliza tu, "Aya hii inafanya kazi gani?" Tuko wanagenzi wawili. Mwenzangu namwita Mtulivu. Hii ni wizara yake ya tatu kufanya mafunzo kazini, na kila mahali wamempa cheti kizuri na kumwambia asubiri kuitwa.

Mimi nafurahi kupita kiasi. Niombee.

Mpwa wako,
Bi Swali

*

2 Februari

Bi Swali wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenikuta vizuri, ila mgongo ndio huohuo, tumeshazoeana. Msalimie dada yangu na umwambie apumzishe macho, nguo za watu hazikimbii. Samahani kwa kuchelewa. Simu yangu unaijua, mtandao haushiki mpaka nipande juu ya tangi la maji, na kwa umri wangu wanafunzi wakiniona huko juu heshima itakwisha.

Hapa shuleni tumeanza muhula. Upepo umeondoa mabati mawili ya darasa la tatu, tumeyarudisha kwa waya. Mwalimu wa Wadogo amejifungua mtoto wa kike na amesharudi kazini, mtoto mgongoni. Anafundisha silabi huku anabembeleza, na darasa zima limejifunza kusoma kwa kunong'ona.

Habari yako niliitangaza paredi. Nimewaambia kuna mtoto aliyekaa kwenye madawati haya haya, alikuwa anauliza mpaka kengele inachoka, na leo yuko pale yanapoamuliwa mambo ya shule zote. Walipiga makofi sana. Nadhani wadogo walidhani tumepata likizo.

Hukusema mnaandika sera gani. Au ni siri?

Mjomba wako

*

5 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama amecheka kuhusu tangi la maji, akaniambia nirudie kusoma. Hajambo, ila kikohozi cha usiku hakijaisha. Anasema ni vumbi la vitambaa.

Si siri. Ni sera ya shule ndogo. Rasimu inasema shule ya msingi yenye wanafunzi wasiofika mia moja iunganishwe na shule jirani, ili walimu na vitabu viwe pamoja. Ukisoma hoja zake si za kijinga. Kuna shule walimu wawili wanashika madarasa saba, wewe unajua kuliko mimi.

Nimepewa kazi ya kusoma sera za zamani na kuandika muhtasari. Katika kusoma nikaona hakuna mahali panapouliza mtoto atapita wapi kwenda hiyo shule jirani. Nikaandika aya moja, kwamba shule isiunganishwe pale ambapo njia ni ya hatari kwa watoto wadogo. Nilimpelekea Bwana Aya. Akaisoma, akasema, "Hii inafanya kazi," akaiingiza kwenye rasimu. Sikuweza kula siku hiyo kwa furaha. Mtulivu alinipongeza, halafu akasema nisiipende sana.

Shule yako ina wanafunzi wangapi sasa? Nauliza tu.

Bi Swali

*

11 Aprili

Bi Swali wangu,

Marahaba. Kikohozi cha dada kisiitwe vumbi. Mpeleke akaonwe, hata akikataa.

Huku mvua imeanza kwa fujo. Machimbo ya kokoto yaliyofunguliwa nyuma ya kilima yameongeza malori, yanapita mfululizo kwenda kwenye ujenzi wa barabara kuu. Familia nyingi zimehama kufuata kazi huko kwenye ujenzi. Waliobaki ni wale wasio na wa kuwaita. Barabara imechimbika, na dereva akikwepa shimo huwa hatazami kilicho pembeni. Shule ya jirani unaikumbuka iko wapi, ng'ambo ya machimbo.

Aya yako nimeisoma mara nyingi katika barua. Ni nzuri. Imeandikwa na mtu aliyewahi kwenda shule kwa miguu.

Mwalimu wa Wadogo anakusalimu. Kuna pacha wapya darasa la kwanza, wasichana, wanabadilishana viti ili nisijue nani ni nani, na kweli sijui.

Mjomba wako

*

16 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama amepimwa, amepewa dawa, anaendelea. Sijamwambia kwamba nilikuja huko kwenu.

Sikujua tungekuja wilaya yenu. Orodha ya vikao vya kukusanya maoni anaipanga Mkurugenzi wa idara yetu mwenyewe, nasi tuliambiwa garini, asubuhi tunaondoka. Njia nzima nilikuwa nawaza nitaomba ruhusa ya nusu saa nije nikusalimu. Halafu tukaingia ukumbi wa halmashauri, nikakaa meza ya mbele na kompyuta ya kuandikia kumbukumbu, nikainua macho, na wewe uko safu ya nne na koti la kijivu.

Niliona ulivyoniona. Mkurugenzi akatutambulisha mmoja mmoja, na aliponifikia akasema, "Na huyu binti ni mwanagenzi wetu, nimeambiwa ni mtoto wa pande hizi hizi. Kuna anayemfahamu?" Alikuwa anatania tu, achangamshe watu. Wewe ukageuka kutazama dirishani. Na mimi nikatabasamu kama mtu asiye na kwao.

Uliposimama, alikuuliza shule yako ina wanafunzi wangapi, ukajibu, "Sitini na wanne, mama." Ndivyo nilivyopata jibu nililokuomba mwezi wa tatu. Akasema, "Sasa Mwalimu, wewe mwenyewe huoni ni wachache?" Ukasema, "Ni wachache kuwafundisha, mama. Si wachache kuwazika." Nilisikia watu wakivuta pumzi. Halafu ukaeleza malori, shimo, kona ya machimbo, na yule mtoto aliyegongwa na lori mwaka jana, ambaye kwenye barua zako zote hukunitajia hata siku moja. Uliongea bila kupandisha sauti. Mkurugenzi alikushukuru, akasema mchango wako umepokelewa, akamwita mwingine.

Gari liliondoka kikao kilipoisha. Nilikuona kwenye ngazi unazungumza na wazazi. Sikuomba ile nusu saa.

Nisamehe.

Bi Swali

*

8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi dada amepata dawa. Huku hatujambo. Tumevuna mahindi ya bustani ya shule, mabaya, yameliwa na viwavi, lakini watoto wamechoma na kula wakiimba.

Huna la kusamehewa. Ningesema nakufahamu, maneno yangu yote yangegeuka kuwa maneno ya mjomba wako, na wewe ungekuwa mpwa aliyemleta mjomba. Nilifikiri hivyo pale pale, nikaangalia dirisha. Halikuwa na kitu cha kuangalia, lilipakwa rangi.

Umekonda. Nguo ile ya bluu ilikupendeza, najua ni ya mkono wa dada.

Yule mtoto sikukuandikia kwa sababu barua zangu husomwa kwa sauti, na mama yako alikuwa akimjua bibi yake.

Nina swali moja, leo zamu yangu. Nilikuona unaandika nilipokuwa naongea. Uliyaandika yote?

Mjomba wako

*

19 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa, si kwa kazi. Nimeanza barua hii nikaiacha mara kadhaa. Mama ameniuliza nina nini, nikamwambia najibu mambo ya ofisini, na kwa kweli ndiyo hayo.

Niliyaandika yote. Maneno yako yalichukua karibu ukurasa mzima, sikupunguza hata pale ulipokohoa. Bwana Aya alisoma ripoti nzima, alipofika kwako akavua miwani. Akaniambia, "Hii ndiyo aya bora kuliko zote. Haiwezi kubaki."

Nikauliza kwa nini. Akasema Mkurugenzi ameshapewa tarehe ya kupeleka sera juu, na juu wanataka kusikia wadau wameunga mkono. Akasema ukiacha mtu mmoja aongee hivyo kwenye ripoti, wote wataulizwa kwa nini hawakusikilizwa. Aliongea taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto. Nikamwambia, "Lakini ni kweli." Akasema, "Mimi nilikuwa mwalimu wa kijijini miaka tisa. Unadhani sijui kama ni kweli?"

Ulichosema sasa kinasomeka hivi: "Baadhi ya wadau waliomba ufafanuzi kuhusu umbali."

Na ile aya yangu ya njia za hatari imeondoka. Mkurugenzi alisema ukifungua mlango huo kila shule itajitafutia lori lake. Niliambiwa nichape upya ukurasa bila ile aya. Niliuchapa mimi mwenyewe. Ningekataa angeuchapa Mtulivu, na kwangu hilo lilionekana sababu ya kutosha.

Bado inaweza kurudishwa huko juu wakisoma. Bwana Aya anasema hutokea.

Bi Swali

*

3 Oktoba

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Labda posta, labda mvua. Mama ananiuliza kila nikirudi kama umeandika, na mimi nasema bado.

Haikurudishwa. Sera imepitishwa kama ilivyotoka kwetu. Utakuwa umeshapata waraka. Mama aliisikia redioni akiwa anashona, akanizuia kwa mkono nisiongee mpaka iishe, kisha akasema, "Hii si ndiyo mliyokuwa mnaandika nyinyi?" Kwa sauti ya kujivunia. Halafu akauliza kama na shule yako imo. Nikamwambia sijui, orodha haijatoka. Imetoka, Mjomba. Niliipanga mimi kwa alfabeti.

Jambo lingine sijui nilisemeje. Wamenipa mkataba. Miaka miwili, afisa sera daraja la chini. Mtulivu hakupata. Alinisaidia kubeba kiti changu kipya mpaka chumba kile kingine, akanipa mkono, akaondoka na cheti chake kwenye bahasha. Namba yake haipatikani tena.

Niandikie hata kunitukana.

Bi Swali

*

2 Novemba

Bi Swali wangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili nilizipata. Nilikuwa nahamisha shule.

Kwanza hongera kwa mkataba, na naisema kwa moyo. Dada yangu amezeeka juu ya cherehani ile, na sasa kuna mtu wa kumwambia apumzike na akasikia. Mnunulie miwani.

Malori tuliyoyalalamikia ndiyo yaliyobeba madawati. Halmashauri iliyaomba machimboni, yakaja bure. Watoto wakubwa walisaidia kupakia, wakapewa lifti, wakaenda wanapunga mikono wamekaa juu ya madawati yao. Wadogo walisimama na Mwalimu wa Wadogo, wakadhani ni zamu yao baadaye. Mabati yale mawili tuliyoyafunga waya mtu ameshayachukua.

Wakubwa wanaenda kule, wengi wao. Wadogo hapana. Wazazi hawawapitishi ile kona, na mimi siwalaumu. Mwalimu wa Wadogo amepangiwa wilaya nyingine, kaenda na mtoto wake. Mimi nimebakiza miaka minne nistaafu, kwa hiyo wamenipa stoo ya halmashauri. Natunza viti vya mikutano. Wanapotaka kikao natoa viti, wakimaliza navirudisha.

Uliniambia nikutukane. Sina neno hilo, mwanangu. Nililitafuta.

Mjomba wako

*

1 Desemba

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama amepata miwani. Ameangalia nguo alizoshona mwaka huu akasema wateja wake ni watu wavumilivu. Kikohozi kimerudi lakini anakula.

Nimepewa kazi yangu ya kwanza kama mwajiriwa, ripoti ya utekelezaji. Naandika kama watoto wamehama salama. Kutoka kwenu, mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo ameleta takwimu: sitini na wanne wamepokelewa, sitini na wanne wanahudhuria. Najua kwa nini, vitabu vinagawiwa kwa idadi. Lakini wewe umeniandikia wadogo hawaendi.

Sasa hivi mwandishi wa ripoti ni mimi. Si mwanagenzi, jina langu litakuwa kwenye jalada. Nipe majina ya wanaokaa nyumbani, na ya wazazi wao, nayaweka kwenye kiambatisho. Bwana Aya nimemwambia, amesema takwimu zenye majina ni vigumu kuzifuta. Mara hii tunaweza, Mjomba. Tafadhali usichelewe, napeleka mwisho wa mwezi.

Bi Swali

*

20 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kwa habari za dada. Mwambie koo asiliachie, tangawizi peke yake haitoshi, arudi hospitali.

Majina ninayo kichwani, yote. Sikupi.

Nilipoletewa waraka niliusoma mpaka mwisho, na sijui kama wewe ulipanga ukurasa ule wa adhabu au mwenzako. Unasema mzazi ambaye mtoto wake hatafika shule mpya ndani ya muhula atafikishwa mbele ya baraza na kutozwa faini, na akishindwa atafungwa. Baba wa wale pacha aliitwa mapema, kabla takwimu za ng'ambo hazijapelekwa. Alijaribu kueleza habari ya kona, wakamwambia hayo yalitakiwa kusemwa kwenye kikao cha maoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni na viti. Sasa mmoja wa wasichana anaenda na mwingine anabaki, wanapokezana. Kwenye daftari la mahudhurio ni mtoto mmoja anayehudhuria na mwingine pia, maana hakuna anayewatofautisha. Baba yao amesema akipoteza, apoteze mmoja.

Sasa wewe chukua orodha yangu, iweke kwenye kiambatisho, itasomwa. Nakubali itasomwa. Halafu watatuma mgambo kwenye kila jina. Yule mwalimu wa ng'ambo anayewaandika watoto wasiokuwepo ni mwongo, lakini uongo wake ndio unaowalaza wazazi wale nyumbani kwao.

Andika sitini na wanne. Nakuomba mimi.

Na lingine. Umekuwa ukiniandikia habari za kazi mwaka mzima, nami nilikuwa nazingoja. Tuache. Kila nikifungua bahasha yako nakuta kuna kitu mmoja wetu anatakiwa kufanya, na hakifanyiki. Niandikie salamu tu. Niambie dada amekula nini, wewe umelala vipi. Nikipata hizo zinanitosha.

Mjomba wako

*

14 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mwaka umekuingia vizuri. Tangazo la vikao vipya nimeliona, natumaini viti havikuumizi mgongo.

Mama yuko hospitali tangu Jumamosi. Si kitanda cha wagonjwa mahututi, usiogope, wanamtazama mapafu. Anakula uji na anamgombeza nesi kwa namna anavyokunja shuka. Ametaka nimpelekee sindano na uzi, wamekataa. Nalala vizuri kiasi. Asubuhi napita kumwona, halafu naenda kazini.

Ripoti nimepeleka. Niliandika ulivyosema. Samahani, hilo si salamu.

Nimenunua viatu, vinabana kidogo. Jirani wa chumba cha pili amehama, amekuja fundi redio, mtu mzuri, ananisaidia maji. Huku mvua imekatika na kuna joto.

Nimekaa na karatasi hii tangu nirudi hospitali, nikijaribu kuijaza mpaka chini kama tulivyozoea, na salamu zimekwisha. Bado kuna nafasi kubwa. Naiacha hivyo hivyo.

Mpwa wako